DENI JUU YA DENI

Hotuba iliyotolewa kwa wanachama wa Kisiwa Panza



Tumeulizwa katika matawi ya kusini Pemba: mtu mwenye deni la zamani, je, aweza kwenda benki kuomba mkopo wa nyumba na kuweka rehani? Swali hili si geni kwetu. Wazee wetu walililipia kwa mashamba yao.

Wakati wa ukoloni, kwa kuwa riba ni haramu, mwenye mikarafuu na mkopeshaji waliandikiana bei khiari. Shamba "linauzwa", mwenyewe anabaki humo humo kama mpangaji, analipa kodi, na ana khiari ya kulinunua tena kabla ya muda kwisha. Kodi hiyo ndiyo riba yenyewe, imevaa kanzu. Msimu ukiwa mbaya kodi hailipwi, inaongezwa juu ya deni, na hati mpya inaandikwa. Bei ya karafuu ilipoanguka miaka ya 1930 mashamba mengi yalikuwa yamekwisha fungwa, na mwaka 1934 Serikali ikatoa sheria ya kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isiwatoke ovyo. Tusimlaumu mwenye duka peke yake; yeye naye alidaiwa na matajiri wa mjini. Kilichowamaliza wazee wetu ni ile hati ya pili, iliyoandikwa kuifunika ya kwanza.

Leo kufunika hakuwezekani. Tangu mwaka 2013 ziko taasisi zenye leseni ya Benki Kuu zinazokusanya khabari za wakopaji. Deni la benki ulilolikimbia Mkoani litaonekana Chake Chake na Unguja pia. Basi nenda kwanza kwa anayekudai, patana naye, lipa hata kidogo kidogo, chukua barua. Ukifika kwa ombi jipya, litaje deni kabla hujaulizwa. Deni la dukani na la shemeji halimo katika daftari hilo, lakini linakula samaki wale wale.

Wako wanaosema mkopo usio wa riba hauna khatari. La! Nyumba iliyowekwa dhamana ni ile ile.

Tena liko jambo ambalo chama lazima kilisemee. Mshahara wa karani huja kila mwezi. Mvuvi hungoja upepo utulie. Mwenye mikarafuu hungoja msimu, na mikarafuu haizai sawasawa kila mwaka. Kumfunga mtu kama huyu kwa malipo ya kila mwezi ni kumtia makosani tangu siku ya saini. Tunataka malipo yafuate msimu, na mkataba usomwe kwa Kiswahili mbele ya mashahidi kabla haujatiwa saini. Wenye mikataba ya namna hii hapa kisiwani wampelekee katibu wa tawi nakala kabla ya mkutano ujao. Nakala yenyewe, si maelezo ya mdomo.