Binti Akipata Mimba, Si Lazima Aolewe

Leo, mbele ya kupima watoto, tuzungumze juu ya mabinti wenu wakubwa, wale mliowaacha nyumbani wanachunga wadogo wao.

Hapa kwetu Butembo na Beni, binti wa miaka 15 haolewi kila mara kwa sababu baba yake alipenda. Mara nyingi mimba inatangulia. Wazazi wanaona haya, wanasema: "Alishaharibika, aende kwa ule aliyemuharibu." Jioni ile ile anapelekwa na nguo zake mu kifurushi. Kisha wanaume wanakaa kuhesabu mbuzi. Binti haulizwi, na mama naye, mara nyingi, haulizwi.

Tena kuna vita. Tangu mauaji ya upande wa Beni yaanze mwaka 2014, jamaa nyingi zimekimbia mashamba yao ya Oicha, Mbau na Eringeti. Watu kumi wanalala mu chumba kimoja cha kuazima. Mwanaume mwenye pesa ya kakao akimtaka binti, wanaona kinywa kimoja kimepungua. Shida hiyo tunaijua, hatuwacheki.

Lakini fikirini mwili wake. Nyonga ya binti mdogo haijamaliza kupanuka. Kichwa cha mtoto kinaweza kukwama, uchungu unaendelea siku mbili, mtoto anakufa. Nyama za ndani zilizobanwa zinaoza, tundu linafunguka mpaka ku kibofu, na mkojo unatoka usiku na mchana. Huo ndio ugonjwa wa fistula. Unatengenezwa kwa kupasuliwa, kama wanavyofanya ku Panzi, Bukavu. Lakini wengi wanafukuzwa na bwana mbele ya kufika huko, na mbuzi wale walishaliwa.

Mimba ikiwa imeingia, hatari ya kuzaa iko pale pale, akiolewa ao asipoolewa. Kwa hiyo mlete hapa mapema, usimfiche. Azalie maternite, kisha abaki kwenu. Baba wa mtoto anaweza kumkubali mtoto na kuleta msaada pasipo kumchukua binti. Mtoto akitoka ku maziwa, ao hata mbele, bibi anaweza kumlinda, binti arudi ku masomo ao ajifunze kushona. Akienda kwa bwana, mimba ya pili haikawii.

Kama alishikwa kwa nguvu, hilo si jambo la kupatanisha kwa mbuzi. Mlete hospitali siku ile ile, saa 72 zisipite, kwa sababu dawa ya kumkinga na UKIMWI haingoji.

Wengine watasema sheria inaruhusu miaka 15. Ndiyo, sheria ya jamaa ya mwaka 1987 iliruhusu. Iligeuzwa Julai 2016: sasa ni miaka 18, kwa binti na kwa kijana. Lakini mbele ya shefu ao hakimu watakuuliza: binti ana miaka ngapi? Bila cheti cha kuzaliwa, kila mtu anasema yake, na ule anayetaka kuoa anasema 18.

Basi wewe uliyebeba kitoto mugongoni leo, kama hajafikisha siku 90, pita ku komini ao kwa shefu wa mahali penu, umwandikishe. Shika karatasi ya maternite, usiipoteze. Na siku ya kipimo inayokuja, kuja na ule binti mkubwa pia. Muuguzi atazungumza naye pekee yake.