UTELEZI WA KIJANI NI SHAMBA LA SAMAKI

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wanakisomo wa vijiji vya kando ya mto, mkoani Tanga.)



Leo tuzungumze juu ya kitu ambacho kila mmoja wetu amekikanyaga. Ukishuka mtoni kuchota maji, ukakanyaga jiwe, mguu unateleza. Ule utelezi wa kijani ni nini? Ni mwani. Siyo ule mwani mkubwa unaolimwa baharini. Huu ni mwani wa maji baridi. Mwingine ni mdogo mno, jicho haliuoni.

Mwani huu ndio shamba la mto. Unajitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, kama mahindi yanavyofanya. Konokono na wadudu wa majini wanaula. Perege naye anaula. Kambare anakula wadudu na samaki wadogo. Na sisi tunakula perege na kambare. Basi shamba likifa, sufuria nayo itakuwa tupu.

Shamba hili lina adui. Maji machafu ya mkonge tunayajua, yananuka. Lakini adui ninayemsema hanuki. Wataalamu wanamwita metali nzito. Ndiyo zebaki ya wachimbaji wa dhahabu, risasi iliyomo ndani ya betri za gari, na shaba iliyomo katika mrututu. Jani likianguka mtoni litaoza liishe. Metali haiozi. Inatulia kwenye tope, mwaka hata mwaka.

Shaba kidogo sana mwani unaihitaji, kama mboga inavyohitaji chumvi. Ikizidi, inaharibu ule ukijani unaoshika mwanga wa jua. Mwani unadumaa, hauzaliani, mwisho unakufa. Jambo hili linajulikana zamani. Mwaka 1904 wataalamu wa Marekani walieleza jinsi ya kuua mwani katika mabwawa kwa mrututu. Gramu 1 katika lita 1,000 za maji yaweza kutosha. Hebu fikirini: pakiti ya sukari ya kilo 1 ina gramu 1,000. Chukua fungu moja tu kati ya hayo, ulitie katika mapipa matano ya lita 200. Basi yule anayesuuza bomba la dawa mtoni asiseme, "Ni kidogo tu."

Hasara ya pili imejificha zaidi. Mwani mwingine haufi. Unafyonza metali na kuiweka mwilini. Mdudu anakula mwani mwingi, samaki anakula wadudu wengi, na mtu anakula samaki wengi. Zebaki hasa ndiyo inayozidi kila inapopanda ngazi. Mjini Minamata, nchini Japani, kiwanda kilimwaga zebaki baharini miaka mingi. Paka waliokula samaki walianza kuyumbayumba kama wanaocheza ngoma. Mwaka 1956 ugonjwa ukatambuliwa kwa watu. Watu wengi walipooza, wengi walikufa, na watoto walizaliwa na vilema kwa sababu mama zao walikula samaki wale.

Mtasema Japani ni mbali. Haya, turudi nyumbani. Mto Zigi unashuka kutoka milima ya Usambara Mashariki. Bwawa la Mabayani, lililojengwa mwaka 1978, linachota maji ya mto huo kwa ajili ya watu wa mji wa Tanga. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wachimbaji wa dhahabu waliingia katika milima hiyo, sehemu za Amani na Sakale. Na wachimbaji wadogo wengi nchini hukamata dhahabu kwa zebaki. Simlaumu mtu. Dhahabu inanunua bati na sare za shule. Lakini anayekaa juu ya mto amekabidhiwa mtungi wa anayekaa chini.

Tena jamani, tusidanganyane. Kuchemsha maji kunaua vijidudu, hakuondoi metali. Kuchemsha ni lazima tuendelee, ila dawa ya metali ni kuizuia isiingie mtoni.

Tufanye nini basi?

1. Bomba la dawa lisisuuzwe mtoni. Maji yake yamwagwe shambani, mbali na mto na kisima.
2. Betri zilizokufa zisipasuliwe mtoni, wala watoto wasizichezee.
3. Zebaki isichomwe jikoni wala karibu na watoto. Moshi wake ni sumu.
4. Tuache mita 60 kutoka ukingoni. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inasema hivyo.
5. Mkiona samaki wanaelea wamekufa, au mawe yamepoteza ukijani wake ghafla, msiwale samaki hao. Mwambieni bwana afya, na habari ifike Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani.

Ninyi sasa mnajua kusoma. Someni karatasi iliyobandikwa kwenye chupa ya dawa kabla ya kuifungua. Msomeeni na jirani.

MASWALI YA KUJADILIANA
1. Katika kijiji chenu, mabomba ya dawa yanasuuzwa wapi?
2. Nani anakaa juu yenu mtoni, na nani anakaa chini yenu?
3. Kwa nini kuchemsha maji hakutoshi?