Mkanda Usio na Tarehe: Kuamua Wakati wa Kubadilisha Taimingi Belti kwa Magari ya Nyanda za Juu Kusini

Mada iliyoandaliwa kwa ajili ya semina ya mafundi wa gereji, madereva na wenye magari ya biashara, Ipogolo, Iringa

Utangulizi

Waandaaji wameniomba nieleze ni wakati gani gari libadilishwe mkanda wa taimingi. Yatakayosemwa hapa ni maoni ya kitaalamu ya mwandishi. Hayatolewi kwa niaba ya mamlaka yoyote, wala hayachukui nafasi ya kitabu cha mtengenezaji. Maelezo ya msingi nitayapita haraka, kwa kuwa waliokaa ukumbini wanaifungua na kuifunga kazi hii kila wiki. Muda mwingi nitautumia kwenye jambo moja ambalo kwa maoni yangu ndilo chanzo cha injini nyingi kufa mapema: magari yetu yanatembea na mikanda ambayo hakuna anayejua ilifungwa lini.

Maelezo ya msingi

Krenkishafti huzunguka mara mbili kila kemushafti inapozunguka mara moja, na mkanda wenye meno ndio unaozifunga pamoja ili valvu zifunguke na kufungwa kwa wakati wake. Gari la kwanza kuuzwa kwa wingi likiwa na mkanda wa namna hii lilikuwa Glas 1004 ya Ujerumani, mwaka 1962. Kabla ya hapo kazi hiyo ilifanywa na cheni au gia. Mkanda ni mpira ulioimarishwa kwa nyuzi za kioo ndani yake. Ukikatika, au meno yake yakinyofoka, kemushafti husimama wakati pistoni bado zinapanda. Kwenye injini ambazo pistoni na valvu hugombea nafasi moja, valvu hupinda. Dizeli karibu zote ziko kundi hili kwa sababu nafasi ya juu ya pistoni ni finyu: 1HZ ya Land Cruiser, 3L na 5L za Hiace na Hilux, 1KZ na 1KD. Kwa petroli zimo EJ20 ya Subaru Forester na 1G ya Mark II GX110. Injini za 5A za Corolla 110 na 3S-FE za RAV4 ya kwanza kwa kawaida husimama tu bila valvu kugusa pistoni. Jina la gari peke yake halitoshi. Noah ya zamani, SR40, ina 3S yenye mkanda, lakini Noah iliyoifuata ina cheni. Vivyo hivyo IST na Vitz zenye 1NZ zina cheni, nazo madai yao makubwa ni oili safi kwa wakati. Hayo yanatosha.

Namba ya kitabuni na kazi ya milimani

Toyota nyingi za kizazi tunachokitumia zimeandikiwa kilomita 100,000, na baadhi ya dizeli za baadaye zikapewa 150,000 katika baadhi ya masoko. Land Rover waliiandikia Defender ya 300Tdi takriban kilomita 120,000 kwa kazi ya kawaida, kisha wakaikata namba hiyo nusu kwa gari linalofanya kazi kwenye vumbi na mazingira magumu. Tofauti hiyo ya nusu nzima, kwa mkanda uleule na injini ileile, inatuonesha kwamba kilomita ni kipimo cha kukadiria tu. Kinachoumaliza mkanda ni mizunguko, joto, oili inayouvujia na umri wa mpira wenyewe. Mtengenezaji alichagua kilomita kwa sababu ndizo anazoweza kuzisoma mwenye gari.

Tufanye hesabu. Gari linalosafiri barabara kuu kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa humaliza kilomita 100,000 kwa saa zisizofikia 1,700 za injini. Daladala inayopanda kutoka Ipogolo kwenda mjini, ikisimama kila kituo na kung'uruma gia ya kwanza na ya pili, ikiwa na wastani wa kilomita 20 kwa saa, itazifikisha kilomita hizohizo baada ya saa 5,000. Kwa mizunguko 2,500 kwa dakika, la kwanza limezungusha krenkishafti mara milioni 250 na la pili mara milioni 750. Dashibodi zao zinasoma sawa. Mtu anaweza kunijibu kwamba mzigo wa gari haubebwi na mkanda huu, kwa kuwa mkanda hauzungushi magurudumu. Ni kweli, na hoja hiyo lazima ipewe uzito wake: mlima hauuvuti mkanda moja kwa moja. Lakini mlima unaongeza mizunguko kwa kila kilomita na unapandisha joto ndani ya kava, na kwenye 3L na 5L mkanda huohuo ndio unaozungusha pampu ya dizeli, ambayo hufanya kazi nzito zaidi dereva anapokanyaga mafuta hadi mwisho. Kwa hiyo Kitonga, kutoka Ruaha Mbuyuni kuelekea Ilula, inaufikia mkanda kwa njia hizo hata kama haiuvuti.

Kwa msingi huo napendekeza kipimo cha saa 2,500 za injini, ambazo ni sawa na kilomita 100,000 kwa wastani wa kilomita 40 kwa saa. Daladala inayofanya kazi saa 8 za injini kwa siku 300 inapata saa 2,400 kwa mwaka. Maana yake ni mkanda mmoja kila mwaka, au kila kilomita 48,000 hivi. Najua pendekezo hili litawashtua wenye magari. Lakini linaangukia karibu na nusu ileile ambayo Land Rover waliiweka kwa kazi ngumu.

Tatizo lenyewe: hakuna kumbukumbu

Hesabu yote hiyo inahitaji pa kuanzia, na hapo ndipo tunapokwama. Sehemu kubwa ya magari yetu yameingia nchini yakiwa yametumika Japani. Kenya iliweka ukomo wa umri wa miaka minane kwa magari ya namna hii. Sisi tunaruhusu ya zamani zaidi kwa kutoza ushuru wa ziada. Sibishani na sera hiyo hapa, maana imewapa watu wengi gari la kufanyia kazi. Natazama matokeo yake kwa fundi: anapokea gari lenye umri wa miaka 15 au 20, lililopita mikononi mwa watu kadhaa, na mwenyewe anasema limetembea kilomita 90,000 kwa kuwa ndivyo mita inavyosoma. Mita inaweza kurudishwa nyuma. Dashibodi nzima inaweza kubadilishwa. Hata taa ya T-BELT inayowaka kwenye dizeli za Toyota inafuata mita tu. Haijui chochote kuhusu mkanda. Inazimwa bila mkanda kuguswa, na mkanda unaweza kubadilishwa bila taa kurekebishwa. Kuna magari ambayo taa hiyo imeng'olewa balbu kwa sababu ilikuwa inamsumbua dereva.

Jambo linaloniumiza zaidi ni kwamba kumbukumbu mara nyingi zilikuwepo, tukazitupa. Fundi wa Japani akibadilisha mkanda hubandika kibandiko ndani ya boneti, kwenye kava la mkanda, au kwenye ukingo wa mlango. Maneno ni ya Kijapani, lakini namba ni hizi tunazozijua, na kilomita zimeandikwa km. Mwaka huandikwa kwa kuhesabu enzi ya mfalme: penye herufi H jumlisha 1988, penye herufi R jumlisha 2018. Kibandiko kilichoandikwa H24.6.10 kinamaanisha tarehe 10 Juni 2012. Vibandiko hivi hubanduliwa gari linapooshwa ili liuzwe, au hubaki pale miaka yote bila mtu kuvisoma. Vilevile, cheti cha Japani cha kufuta usajili ili gari lisafirishwe nje huwa na kisomo cha mita kilichorekodiwa huko. Anayeagiza gari anacho. Anayelinunua kwake baadaye hupewa kadi ya gari tu, na kadi hiyo haina kilomita. Ina mwaka wa kutengenezwa, na huo angalau unatupa ukomo wa juu: mkanda wa kwanza hauwezi kuwa na umri mkubwa kuliko gari, na pasipo ushahidi wa kubadilishwa, tuuhesabu kuwa na umri uleule wa gari.

Hapa ndipo hoja yangu ilipo. Kwa kawaida fundi huulizwa, "Mkanda huu umechoka?" Swali hilo halina jibu la uhakika kwa macho. Tumezoea kufungua kava la juu, kubonyeza kwa kidole gumba, kutafuta nyufa, kisha kumwambia mwenye gari, "Bado mzima huu, bosi." Ukaguzi huo ulikuwa na maana kwa mipira ya zamani iliyopasuka kwa nje kabla ya kukatika. Mikanda iliyotengenezwa tangu miaka ya 1990 ni ya mpira mgumu zaidi unaovumilia joto. Nyuzi zake huchoka kwa ndani na mizizi ya meno hulegea huku mgongo ukiwa safi. Ukaguzi wa macho unaweza kuthibitisha kwamba mkanda ni mbovu: una oili, umechanika ukingo, meno yameliwa. Hauwezi kuthibitisha kwamba ni mzima. Swali la haki ni, "Kuna ushahidi gani kwamba mkanda huu ulifungwa tarehe fulani?" Pasipokuwa na ushahidi, mkanda uhesabiwe kuwa umemaliza muda wake, na ubadilishwe kabla gari halijaanza kazi.

Hoja za wanaopinga na majibu yake

Wapo watakaosema gari lao limekaa miaka kumi bila kubadilishwa mkanda na halijawahi kusimama. Magari yaliyokatikiwa mkanda hayapo barabarani kutoa ushuhuda wake. Yamekaa nyuma ya gereji. Wengine watasema injini yao ni 5A au 3S, haipindi valvu, kwa hiyo wangoje mkanda ukatike. Kwa gari la mjini hoja hiyo ina nguvu kiasi, na nakubali muda wake urefushwe kuliko wa dizeli. Lakini injini ikizima ghafla kwenye kona ya Kitonga, usukani unakuwa mzito, buster ya breki inabaki na akiba ya kukanyaga mara chache, na nyuma kuna lori lililobeba tani nyingi. Gari la abiria lisiachwe likafike hapo kwa makusudi.

Pingamizi lililo zito kuliko yote ni la spea bandia. Mwenye gari anauliza kwa nini atoe mkanda halisi wa Japani uliobaki na maisha kiasi, afunge mkanda mpya usiojulikana ulikotoka. Swali ni la haki, na sina jibu jepesi. Naamini jibu ni kuchagua duka, kudai risiti, na kulinganisha namba ya spea na idadi ya meno kabla ya kufunga. Mkanda wa bei ya ajabu uachwe dukani. Lakini mkanda uliotolewa kwenye injini ya mtumba usifungwe kamwe, hata kama ni halisi, kwa sababu unarudisha tatizo lilelile la tarehe isiyojulikana. Kuhusu gharama, kazi ya mkanda huisha kwa siku moja au mbili. Valvu zikipinda, silinda hedi inashuka, inapelekwa kwenye mashine, gari linakaa bila kuingiza chochote, na marejesho ya mkopo hayasubiri.

Mapendekezo

Kila gari la mtumba lenye mkanda, ambalo halina kibandiko wala risiti ya kuaminika, libadilishwe mkanda ndani ya mwezi wa kwanza wa kununuliwa, bila kujali mita inasoma nini. Magari yenye tarehe inayojulikana yafuate kilomita za kitabu, miaka mitano, au saa 2,500 za injini, chochote kitakachotangulia. Daladala za milimani na magari ya vumbi yahesabu nusu ya kilomita za kitabu. Mkanda ubadilishwe pamoja na tenshena na beringi zake, na sili za kemu na krenki zinazovuja, kwa kuwa mkanda mpya uliolowa oili hauna maisha. Kwenye 3S na EJ, ambako mkanda huo ndio unaozungusha pampu ya maji, pampu ibadilishwe wakati huohuo. Makava yote yarudishwe na boliti zake zote. Gari lisilo na kava la chini linaalika kokoto na matope. Baada ya kufunga, injini izungushwe kwa mkono mizunguko miwili kamili na alama zitazamwe tena kabla ya kupiga starta.

Naomba vyuo vya ufundi, VETA ikiwemo, viongeze kwenye mafunzo ya vitendo somo la kusoma vibandiko vya Japani na kuandika vya kwetu. Naomba pia, kwa heshima, wanaokagua na kuyapa leseni magari ya abiria, yaani Kikosi cha Usalama Barabarani na LATRA, wafikirie kuuliza tarehe ya mkanda kama sehemu ya maelezo ya gari. Sipendekezi kava lifunguliwe kwenye ukaguzi, maana nimeshaeleza kuwa macho hayatoshi. Napendekeza iombwe karatasi. Waagizaji wa magari wampe mnunuzi nakala ya cheti cha Japani pamoja na kadi. Wenye magari wakatae jibu la "bado mzima" na wadai tarehe. Mafundi, nasi, tuache kulitoa jibu hilo.

Gereji za Ipogolo zinaweza kuanza bila kusubiri maelekezo ya mtu. Kila mkanda unaofungwa uandikiwe kibandiko chenye tarehe, kisomo cha mita, jina na simu ya gereji, namba ya spea, na orodha ya vilivyobadilishwa pamoja nao. Kiandikwe kwa kalamu isiyofutika na kibandikwe kwenye ukingo wa mlango wa dereva, kwa kuwa ndani ya boneti huoshwa kwa mashine na kibandiko hakidumu. Nakala yake ibaki kwenye daftari la gereji, ikipangwa kwa namba ya chesisi badala ya jina la mwenye gari, ili ipatikane hata gari likishauzwa.