Mstari wa C kwenye kipimo cha malaria
Hotuba kwa wakazi wa Kata ya Usagara



Mtoto mwenye homa akifikishwa zahanati, tone la damu ya kidole ndilo huamua kama atapewa dawa ya malaria au ugonjwa utafutwe kwingine. Jibu hutoka kwenye kipande kidogo cha plastiki, mbali na maabara ya Bugando.

Kipande hicho huwa na alama za C na T. Mstari wa C usipotokea, jibu ni batili, hata kama ule wa T umeonekana. Mgonjwa hupimwa upya kwa kipimo kingine. Lakini ukitokea, huthibitisha tu kwamba kimiminika kimepita. Hauthibitishi kwamba damu ilitosha, wala kwamba boksi halikuunguzwa na joto la stoo ya bati isiyo na dari. Hapo ndipo penye hatari: kipimo kilichoharibika huweza kusema hakuna malaria, na mtoto akarudi nyumbani na vimelea vyake.

Saa nayo ni sehemu ya kipimo. Aina nyingi husomwa baada ya dakika 15 au 20, kwa kufuata maelekezo yake. Kikisomwa mapema, mstari hafifu hukosekana. Kikiachwa mno, mstari wa uongo huweza kujitokeza. Mzazi anayemharakisha mhudumu kwa sababu ya foleni anajipunja mwenyewe.

Baadhi ya vipimo huendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Aliyemaliza dawa karibuni amweleze mhudumu kabla ya kuchomwa kidole, na si vibaya kuomba kuonyeshwa tarehe iliyo kwenye pakiti.