Santuri Iliyowatangulia Waimbaji Wake

Mpenzi msikilizaji, desturi ya muziki tunaijua. Kundi huundwa, likafanya mazoezi, likazunguka kumbini, ndipo likaingia studio. Leo nakusimulia habari za santuri iliyofika madukani kabla kundi lenyewe halijazaliwa.

Mwaka 1975, huko Ujerumani Magharibi, mtayarishaji Frank Farian alitoa kibao cha disko kiitwacho "Baby Do You Wanna Bump". Sauti nzito ya kiume ilikuwa yake. Na ile nyembamba, ambayo ungeapa ni ya kina dada, ilikuwa yake pia. Lakini jina lake hakuliweka mbele. Aliandika Boney M., neno "Boney" akilitoa katika mchezo wa televisheni wa Australia uliohusu mpelelezi.

Kibao kikapata wanunuzi Uholanzi na Ubelgiji. Sasa watu wa televisheni wakataka kuwaona waimbaji. Waimbaji gani? Ikabidi watafutwe! Wengine walikuja wakaondoka, hata mwaka 1976 wakatulia wanne: Liz Mitchell na Marcia Barrett, wazaliwa wa Jamaika, Maizie Williams wa Montserrat, na Bobby Farrell wa Aruba. Mwaka huohuo "Daddy Cool" ikawavusha mipaka, na hata sisi huku Afrika Mashariki tukaicheza.

Studioni, Liz na Marcia waliimba kweli. Lakini ile sauti nzito tuliyodhani ni ya Bobby iliendelea kuwa ya Farian. Mimi mwenyewe niliwahi kutangaza hewani, kwa mbwembwe zote, "Huyo ni Bobby Farrell!" Nilikosea, nami naomba radhi.

Kuna mwingine wa kukumbukwa. Mapigo ya kibao hicho cha kwanza yana deni kubwa kwa "Al Capone" ya Prince Buster wa Jamaika, iliyorekodiwa miaka ya 1960 na kuingia katika nyimbo 20 bora za Uingereza mwaka 1967. Mchezaji wa disko wa mwaka 1975 angelijuaje hilo?

Simwiti Farian mwizi, wala simwiti Bobby mwongo. Bila masikio ya yule na miguu ya huyu, pengine tusingecheza. Wote wawili wametangulia mbele ya haki, Bobby mwaka 2010 na Farian mwaka 2024. Prince Buster alitangulia mwaka 2016. Ila wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Jina katika wimbo si pambo. Ndilo linaloamua nani atalipwa na nani atakumbukwa.

Basi, ndugu zangu watangazaji, tukipiga wimbo tuulize: nani ametunga, nani ameimba, nani amepiga gitaa? Tuwataje hao kabla hatujajitaja sisi.

Hadi wiki ijayo, panapo majaliwa, kwaherini.