Kukereza Chuma ni Amana

Enyi wazee na vijana wa Buyenzi!

Wako watu wanaomdharau kijana mkereza chuma kwa mafuta yaliyo mikononi mwake. Je, wamesahau kwamba Nabii Daudi, alayhi salaam, alilainishiwa chuma na Mola wake, akaunda deraya, naye akila kwa jasho la mkono wake? Na katika Sura Sabaa, aya ya 11, aliamrishwa kuzipima sawasawa pete za deraya hizo. Kupima sawasawa, basi, ni kumtii Mungu.

Na kazi ya mkereza yote ni kipimo. Chuma huzunguka, kisu hukata, maganda hutoka kama utepe. Akizidisha kukata kwa unene wa unywele, kipande kimeharibika, wala kilichokatwa hakirudi. Mwenye hiana hukipaka grisi akakiuza. Lakini kipande hicho kitafungwa katika gurudumu la lori, na lori litateremka mlima wa Bugarama lina roho za watu. Mnunuzi hakuona, Mungu ameona.

Kwa hiyo, vijana, msiisogelee mashine na kanzu wala mikono mirefu ya shati, maana haimjui mtu; na kilichoharibika semeni kimeharibika, japo ujira upungue. Nanyi wazee, wakija kuposa msiwanyime binti zenu kwa ajili ya mikono myeusi. Mkono mweusi wenye amana ni bora kuliko mweupe wenye hiana.

Wabillahi taufiki.