Mali ya Wengi Mikononi mwa Wachache

Hotuba iliyosomwa mbele ya Wajumbe wa Mkutano Mkuu katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu chetu



Wenzetu wamekwisha kueleza habari za mizani, maghala na mauzo. Sisi tuliokabidhiwa kazi ya kushauri juu ya fedha tumeombwa tuzungumze jambo moja lililo mbele ya Mkutano huu: je, sehemu ya akiba ya Chama ipelekwe katika mifuko ya uwekezaji wa pamoja, au ibaki benki kama ilivyo? Wako wasemao kwamba fedha iliyolala haizai. Wako wasemao kwamba jasho la mkulima halichezewi. Kila upande una hoja. Basi kabla ya kupiga kura, yatupasa kujua sheria inatulinda na nini, na haitulindi na nini.

Mfuko wa namna hii ni chombo cha watu wengi wenye fedha kidogo kidogo. Fedha zao hukusanywa pamoja, zikanunua hisa za makampuni na hati fungani za Serikali, na kila mtu akapewa vipande kwa kadiri ya alichotoa. Mfuko wa kwanza mashuhuri ulianzishwa London mwaka 1868, kwa shabaha ya kumpa mwenye kidogo nafuu ile ile aipatayo tajiri, yaani kugawa mali yake mahali pengi ili hasara ya mahali pamoja isimwangushe. Shabaha hiyo si ngeni kwetu wana ushirika.

Lakini penye mali ya wengi mikononi mwa wachache, kishawishi hakikosekani. Soko la hisa la New York lilipoanguka mwaka 1929, ilionekana baadaye kuwa baadhi ya wasimamizi walikuwa wakiitumia mifuko kwa faida yao wenyewe. Kwa ajili hiyo Marekani ilitunga mwaka 1940 sheria ya makampuni ya uwekezaji, iliyowazuia wasimamizi wasiuziane mali na mfuko wanaousimamia, na kuagiza jinsi mali ya mfuko itakavyotunzwa.

Hapa kwetu Tanzania, Bunge lilipitisha Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana mwaka 1994, nayo ikaunda Mamlaka ya kusimamia masoko hayo. Soko la Hisa la Dar es Salaam likaanza biashara mwaka 1998, na mwaka 2005 Mfuko wa Umoja ukafunguliwa kwa wananchi wote. Chini ya sheria hiyo, hakuna dalali wa hisa wala msimamizi wa mfuko awezaye kufanya kazi bila leseni ya Mamlaka.

Kiini cha ulinzi wenyewe ni kutenganisha mikono. Msimamizi huamua nini kinunuliwe na nini kiuzwe, lakini fedha na hati haziwekwi kwake. Huwekwa kwa mtunzaji, ambaye kwa kawaida ni benki. Mkaguzi hupitia hesabu, na Mamlaka huwatazama wote. Nanyi mnajua maana ya jambo hili. Katika vyama vyetu karani wa mizani siye mweka hazina, wala mweka hazina siye mkaguzi. Wazee waliosajili chama kikuu cha Kilimanjaro, KNCU, mwaka 1933, chini ya sheria ya ushirika ya mwaka 1932, walikubali daftari zao zikaguliwe. Mali bila daftari huisha bila habari.

Sasa tutoe mfano mdogo. Tuseme mfuko una mali ya shilingi 1,050,000, deni la shilingi 50,000 na vipande 10,000. Ukiondoa deni na kugawa, kila kipande kina thamani ya shilingi 100. Bei za hisa zikishuka hata mali ikawa shilingi 950,000, thamani ya kipande itakuwa shilingi 90. Chama chenye vipande 1,000 kimepungukiwa shilingi 10,000, wala hakuna aliyeiba. Hasara hiyo sheria haitairudisha. Lakini kama shilingi hizo zimetoweka kwa sababu msimamizi amezitia mfukoni, au ametangaza thamani ya uongo, hapo sheria ina meno. Sheria hutukinga na udanganyifu. Haitukingi na kushuka kwa soko. Atakayewaahidi faida isiyopungua kamwe, huyo mwogopeni kwanza.

Wengi wenu mnalikumbuka jambo la DECI. Watu waliambiwa wapande mbegu ya fedha ili wavune, na waliotangulia wakalipwa kwa fedha za waliofuata. Mwaka 2009 Serikali iliizuia kazi hiyo, na mwaka 2013 mahakama ikawatia hatiani viongozi wake. Hapakuwa na leseni, na faida haikutoka katika hisa wala hati fungani. Hukumu ya mahakama ni jambo jema, lakini huja baada ya machozi. Mlinzi wa kwanza wa fedha ni mwenye fedha mwenyewe.

Kwa hiyo shauri letu ni hili. Kwanza, fedha ya pembejeo na malipo ya wakulima isiguswe hata senti moja, maana soko likishuka msimu wa mavuno hautatungojea. Pili, leseni ya mfuko iulizwe kwa Mamlaka yenyewe, si kwa muuza vipande. Tatu, tusome waraka wa toleo, tujue ni nani mtunzaji wa mali, ni gharama gani zitakatwa, na kwa muda gani tutarudishiwa fedha tukiuza vipande vyetu. Nne, kwa kuwa tuko chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, Mrajis aulizwe mapema, na uamuzi uandikwe katika kumbukumbu za Mkutano Mkuu, usifanywe na watu wawili ofisini.

Haya manne yakitimia, twaona si vibaya kuanza na sehemu ndogo, ile ambayo Chama chaweza kukaa bila kuihitaji kwa miaka kadhaa. Yasipotimia, heri fedha ilale benki, na sisi tulale usingizi.

Ndugu Wajumbe, akiba mtakayoipigia kura ni magunia yaliyobebwa kichwani na wanachama ambao hawamo katika ukumbi huu. Wao wametuamini sisi, nasi tukiwaamini wengine kwa niaba yao, na tufanye hivyo macho yakiwa wazi. Twakitakia Chama chetu miaka mingine kumi ya amani na mapato mema.